Sanda Iliyorudishwa

Asiyekubali kushindwa ndiye mshindani. Wanaousema ule msemo mwingine, wa kukubali, aghalabu wameshakaa upande wa mshindi na sinia la pilau limeshawafikia. Mwaka huu nimeambiwa mara tatu nikubali kushindwa: na baba mdogo, na mzee mwenye boti, na mama yangu mzazi. Nitaeleza ilivyokuwa, kisha kila mtu achukue lake.

Naitwa Lulu. Nyumba yetu ipo Ujiji, ile yenye baraza lililomegeka kona moja. Kazi yangu ipo Kigoma mjini, kwenye ghala la mawese jirani na bandari. Nina stashahada ya sheria, na kwa kuwa mahakama haikuwa na kiti changu, naitumia kupokea madumu. Msicheke. Mafuta huelea, maji hukaa chini. Ukifungua dumu ukaona wekundu unang'aa juu, ukatia sahihi kwa furaha, umenunua maji ya ziwa kwa bei ya mawese. Kwa hiyo nina kijiti changu cha mwanzi, kirefu, kikavu. Nakizamisha hadi chini, nasubiri, nakitoa, naangalia ncha.

"Dada Lulu," aliniambia siku moja Habonimana, Mrundi anayetuletea mafuta kutoka vijiji vya kaskazini, "wewe hata pepo ukipewa utaichoma kijiti kwanza."

"Ikija kwenye madumu, nitaichoma."

"Na mume je?"

"Huyo nitammwaga kabisa niangalie chini."

Vijana wa kupakia walicheka mpaka mmoja akaliachia dumu likamwangukia mguuni.

Dumu nisilolipima naliandikia: limepokelewa, halijapimwa. Kupokea ni kazi ya mikono. Kukubali huja baada ya kijiti. Na hata nikishakubali, kama baadaye dumu litaonekana lilifichwa maji, linarudi kwa mwenyewe. Habonimana analijua hilo wala hanuni. Anabeba dumu lake, anatukana kidogo kwa Kirundi, wiki inayofuata yupo tena mlangoni anacheka.

Natamani ningekuwa na kijiti changu siku ile ya bafta.

Mdogo wangu aliitwa Nuhu. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mwembamba kama ufito, anakula akiwa amesimama kana kwamba chakula kitaondoka. Alifanya kazi kwenye boti ya mbao ya Mzee Dadi, Subira Moja, iliyopeleka saruji na mabati vijiji vya kusini mwa ziwa. Alirudi nyumbani na vumbi la saruji kwenye nywele na kope, kichwa cheupe, na mama akamwambia kila mara, "Shikamoo, babu." Naye akajibu kwa sauti ya kizee, akishika kiuno, "Marahaba, mjukuu wangu." Huo ndio uliokuwa utani wa nyumba yetu. Hatukuwa na mwingine.

Julai, wakati upepo wa kusini unaposhika ziwa, Subira Moja ilizama na shehena yake ya saruji. Walikuwa watu wanne. Watatu walishikilia madumu matupu mpaka wavuvi wakawaokota. Nuhu hakuonekana. Siku ya tatu ziwa lilimleta lenyewe, kwenye kokoto, mbali kabisa na alikozamia, na simu ikapigwa nyumbani asubuhi.

Wanaume wa ukoo walikwenda kumchukua. Mama alikuwa chumbani amezungukwa na wanawake. Mimi nilibaki mlangoni kwa sababu lazima mtu abaki mlangoni. Hapo ndipo alipokuja Mzee Dadi.

Sitamsingizia. Hakuwa mtu wa kutisha. Aliliacha gari kwenye kona akaja kwa miguu, kofia mkononi, macho mekundu. Huyu ndiye aliyejenga tangi la maji la msikiti wetu. Huyu ndiye aliyempa Nuhu kazi wakati wengine walisema ni mwembamba mno. Alinikabidhi mfuko. Ndani yake mlikuwa na bafta nyeupe ya sanda, mita kumi, kafuri, marashi na udi.

"Mwanangu," alisema, "mdogo wako ni wangu pia."

Niliupokea kwa mikono miwili. Nikapinda goti. Nikasema, "Ahsante, baba." Ndivyo nilivyolelewa: mkubwa akikupa kitu, mkono mmoja ni dharau.

Mtaani kwetu sanda hununuliwa na wenye msiba. Mtu wa nje akiileta nanyi mkaipokea, mmemwingiza ndani ya nyumba. Wazee husema aliyetoa sanda ni ndugu wa maiti, na ndugu hapelekwi kwenye kesi. Nililijua hilo tangu utotoni kama ninavyolijua jina la mtaa. Lakini saa ile nilijua jambo moja tu, kwamba mdogo wangu anakuja nyumbani na hana nguo. Nikaupeleka mfuko ndani. Jioni tulimzika Nuhu ndani ya bafta ya Mzee Dadi.

Siku ya saba, Ndizeye alikuja ghalani. Alikuwa mmoja wa wale watatu waliookolewa, kijana wa Kirundi aliyekulia kambi ya wakimbizi akatoka bila kibali kutafuta kazi ziwani. Alisimama nje ya kivuli, juani, kama mtu anayelipa kitu.

"Niwihangane, dada," alisema. Hiyo ni pole ya kwao.

"Nimeshapoa, Ndizeye. Kaa hapa."

"Sikai." Alitazama nyuma. "Pampu ya kutoa maji ilikufa Jumatatu. Tulimwambia mzee. Akasema nendeni, mtachota kwa ndoo, ziwa limetulia. Tukaondoka Jumatano. Nuhu ndiye mwembamba kuliko sisi, ndiye aliyeingia chini kuchota. Boti ilipolala, ililalia upande wa kitundu chake cha kutokea."

Madumu yaliendelea kupangwa nyuma yangu, duf, duf.

"Aliita?" niliuliza.

Aliyatazama madumu. Nami sikuuliza tena, na sitauliza.

"Utayasema haya mbele ya wakaguzi wa vyombo?"

"Dada, wenzangu wawili bado wanakula kwa mzee, na mimi karatasi sina. Nikiingia ofisi ya serikali kutoa ushahidi, natoka nimepandishwa lori la kurudishwa Burundi."

"Sasa umeniambia ili nifanye nini?"

"Ili yasiwe ya kwangu peke yangu."

Niliandika malalamiko siku hiyohiyo, kwa jina la mama, kwa kuwa ndiye mzazi na ndiye aliyekuwa akilishwa na marehemu. Niliyaandika kwa Kiswahili kisichohitaji kamusi: pampu ilikufa, mwenye chombo aliambiwa, mwenye chombo aliamuru waondoke. Wakaguzi walikwenda kuiangalia boti ya pili ya Mzee Dadi, Subira Mbili, wakakuta pampu yake nayo inakohoa. Wakaizuia ufukweni, na faili likafunguliwa. Karani wa ofisi ya wakaguzi, mama mmoja mpole aitwaye Regina, aliniambia wazi: "Shahidi hata mmoja huna. Faili hili linasimama kwa sababu mama yako amelalamika. Akisema ameridhia, linalala, na boti inaondoka."

Kwa hiyo jambo zima lilikuwa juu ya dole gumba la mama yangu. Mama anasoma msahafu kuliko wanaume wengi, lakini herufi za serikali hazijui. Anapotakiwa kusaini, anachovya dole.

Siku ya thelathini na tano, baba mdogo alikuja na karatasi. Yeye ni mdogo wake marehemu baba, anauza viatu kwenye fremu ya duka ya Mzee Dadi. Mama alikuwa uani anachambua dagaa kwenye ungo.

"Shikamoo, ba'mdogo."

"Marahaba. Msomee mama yako, wewe si ndiye msomi."

Nilisoma. *Sisi familia ya marehemu tunakubali kwamba kifo kilitokana na kudra ya Mwenyezi Mungu, tumepokea mkono wa pole wa mwenye chombo, na hatuna dai lolote dhidi yake, sasa wala baadaye.* Chini kulikuwa na kisanduku kitupu cha dole.

"Mkono wa pole upi?" niliuliza.

"Sanda. Mchele wa matanga. Ng'ombe wa arobaini anakuja, mzima, mwenye nundu. Na sanda uliipokea wewe, Lulu. Kwa mikono miwili. Mtaa mzima umeona."

"Niliipokea. Sikukubali."

"Hayo ni ya chuoni."

"Ni ya dukani pia. Mteja akikurudishia kiatu kilichobanduka soli, unamwambia ulikishika kwa mikono miwili?"

"Sanda si kiatu!" Alipaza sauti mpaka kuku wakatawanyika. "Sanda imezikwa. Utaifukua?"

"Wakati ule sikujua habari za pampu."

"Na nani kakwambia habari za pampu? Mtaje." Alisubiri. Jina la Ndizeye sikulitoa. "Unaona? Shemeji, arobaini ni Jumapili. Utaweka dole mbele ya watu, tule, tusome dua, tumalize. Asiyekubali kushindwa si mshindani."

Alipoondoka, nilichuchumaa karibu na ungo.

"Mama, usiweke."

Vidole vyake viliendelea. Kokoto upande huu, dagaa upande ule. Magamba yalimeta juu ya kucha zake.

"Lulu, Nuhu yumo ndani ya kitambaa cha yule mzee. Sasa hivi tunapoongea, yumo. Nitamsemaje mtu aliyemfunika mwanangu?"

"Aliyemfunika ndiye aliyemzamisha."

"Najua."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Ndizeye hakuja kwako tu," alisema mama. "Alikuja na hapa. Nilimpa chai, akalia ndani ya kikombe changu. Najua yote. Lakini sanda imepokelewa, mwanangu. Nimeiona inaingia kwa mlango wangu, nikanyamaza."

"Na kama isingepokelewa?"

Hapo ndipo alipoinua uso. Sijawahi kumwona mama na uso ule, wala kabla, wala tangu hapo.

"Isingepokelewa? Ningemfuata yule mzee kwa miguu mpaka Dodoma."

Maneno hayo niliyabeba kazini siku tatu. Kila dumu nililolipima, niliyasikia. Ikiwa kinachomfunga mama ni bafta, basi bafta irudi kwa mwenyewe. Ile ya kaburini sitaigusa, lakini mita kumi ni mita kumi. Mzigo uliopokelewa kabla ya kujulikana hurudishwa, na mambo huanza upya.

Jumamosi nilikwenda sokoni Mwanga, kwa Recho, tuliyesoma naye sekondari. Ana duka la vitambaa.

"Bafta ya sanda, mita kumi."

"Jamani, poleni tena." Alivuta jora. "Mwanamume?"

"Mwanamume."

"Mrefu?"

"Wa kadiri. Ana kitambi."

"Basi mita kumi zinamtosha. Amefariki lini?"

"Hajafariki."

Mkasi ulisimama katikati ya kitambaa.

"Lulu. Mimi Mkristo, lakini hata kwetu hilo halifanywi."

"Kata, Recho. Narudisha kitu cha watu, na sitaki kipungue."

"Utaonekana kichaa."

"Kata."

Alikata. Alinifungia kwenye gazeti, akakataa kunitazama, na chenji aliiweka mezani badala ya kunipa mkononi.

Jumapili, baada ya swala ya alasiri, hitma ilisomwa nyumbani kwetu. Wanaume walijaa barazani na chini ya turubai, wanawake ndani na uani. Ng'ombe mwenye nundu alikuwa ameshakuwa pilau. Mzee Dadi aliketishwa jamvini mahali pa heshima, mto mgongoni. Dua ilipokwisha, baba mdogo alifungua kisahani cha wino na kutandaza karatasi. Mama aliitwa, akaja kukaa kizingitini, kanga imefunika nusu ya uso.

"Bi Fatu," alisema Mzee Dadi kwa upole, "mimi sikulazimishi. Nami nimepoteza. Nimepoteza chombo, nimepoteza kijana. Lakini boti ikikaa ufukweni, watu wanane hawali. Tukubali aliyoyaandika Mungu."

"Amin," walisema watu.

Nilitoka ndani na kifurushi. Nilivua viatu. Nilikanyaga jamvi la wanaume, nikaenda mpaka mbele yake, nikapiga magoti yote mawili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Alidhani nimekuja kuleta amani. Alitabasamu kabisa.

"Siku ile ulituletea bafta. Niliipokea kabla ya kuijua. Nimekuja kukurudishia. Mita kumi, kama zile. Kafuri, kama ile. Marashi na udi, pia vimo." Nikakifungua, nikamwekea kwenye mapaja kwa mikono miwili. "Sasa wewe si wa ndani tena. Wewe ni mwenye boti na sisi ni wenye maiti. Mama yangu hajafungwa na kitu."

Harufu ya kafuri ilipanda juu ya harufu ya pilau. Mzee Dadi aliinua mikono yote miwili hewani ili isiguse kile kitambaa, akabaki hivyo, kama mtu aliyemwagikiwa na uji wa moto.

"Mtoto," alisema. "Unanivika sanda?"

"Sikuviki. Nakurudishia."

"Mtu hurudishiwa sanda akiwa hai?"

"Mtu hurudishiwa mwanawe akiwa maiti?"

Hapo turubai lote lililipuka. "Astaghfirullah!" "Mtoeni!" "Huyo ana laana, huyo!" "Si ndiyo kusoma kwenyewe!" Sinia lilipigwa teke. Baba mdogo alinishika bega akainua kofi, na mzee mmoja akamshika mkono, si kwa kunihurumia mimi, ila kwa sababu kulikuwa na msahafu karibu. Mwanamke mmoja dirishani alisema kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Huyu hataolewa, hatazikwa, na mlango huu sitaukanyaga tena." Wenzake wakaitikia. Nilisikia kanga zikikusanywa, viatu vikitafutwa.

Sikumtazama yeyote kati yao. Nilimtazama mama. Hilo ndilo nililokuwa nikilisubiri.

Mama alisimama. Alivuka jamvi la wanaume, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu aolewe katika nyumba ile. Alifika kwa Mzee Dadi, akainama, akaichukua bafta kutoka mapajani mwake. Nilisema kimoyomoyo: sasa, mama.

Aliikunja taratibu, ukunjo juu ya ukunjo, akaiweka kwapani.

"Hii itakuwa yangu," alisema. "Siku yangu ikifika, msihangaike kwenda dukani." Kisha akamgeukia baba mdogo. "Lete wino."

"Mama!"

"Nyamaza, Lulu. Umeirudisha, nimeona, na watu wote wameona. Sasa mimi naipokea tena. Ya kwanza tuliipokea hatujui. Hii nimeijua, na nimeikubali."

"Lakini ulisema..."

"Nimezika mmoja." Hakupaza sauti. Alinisemea mimi, lakini kila mtu alimsikia. "Siwezi kuishi katika mtaa uliomlaani aliyebaki. Shemeji, nimesema lete wino."

Alichovya. Dole lake lilikuwa bado na gamba moja la dagaa wa asubuhi, na lilipobonyea karatasi liliacha doa dogo jeupe katikati ya weusi. Mengine yote yalitoka safi, kila mstari. Sijawahi kuona sahihi iliyo halali kama ile.

Jumatatu nilikwenda kwa karani Regina na barua kurasa mbili. Niliandika kwamba ridhaa iliyotolewa mbele ya watu wenye hasira si ridhaa. Niliandika vizuri. Regina aliisoma yote, akavua miwani.

"Binti, hii ni barua nzuri. Lakini si yako kusema. Ni ya mama yako."

Alimwita mama. Mama alikuja na ile kanga ya msiba, akakaa, akaulizwa: ulilazimishwa?

"Hapana, mwanangu. Nilijua nilichofanya."

Faili lilifungwa mchana huo. Nimejifunza miaka mitatu kwamba kukubali hakufai pasipo kujua na pasipo hiari, na mama yangu, asiyejua herufi moja ya serikali, alikuwa na vyote viwili. Hata mwanya wa sindano hakuniachia.

Subira Mbili ilipakwa rangi ya kijani. Niliiona ikipakiwa saruji nilipokuwa nikihesabu madumu bandarini. Ndizeye alikuwa juu yake. Aliponiona alishuka, akaja mpaka hatua tatu hivi, asikaribie zaidi.

"Dada, nimepewa usukani."

"Pampu je?"

"Mpya."

"Umeiona?"

"Nimeambiwa."

Nyuma yake, karibu na kitundu cha kushukia chini, nilihesabu ndoo tatu zilizopachikana. Zilikuwa mpya, za buluu, stika ya dukani bado imebandikwa.

"Usipande, Ndizeye."

"Nile nini, dada? Barua?" Hakuwa akinikejeli. Aliuliza kweli. Kisha akarudi botini. Boti iliondoka imekaa chini sana majini. Imesharudi mara mbili salama. Upepo wa kusini umetulia kwa sasa; mwakani utarudi.

Habonimana hatanii tena. Anafungua madumu yake kabla sijamwambia, anasogea pembeni, anatazama ziwa mpaka nimalize. Wiki iliyopita moja lilikuwa na maji. Alilibeba bila kutukana.

Nyumbani, mama haniiti jina. Ananiwekea chakula, anakifunika kwa kawa, anakwenda kulala. Bafta iko sandukuni mwake, juu kabisa, nikifungua kuchukua shuka naiona. Mzee Dadi, wanasema, amekonda. Hali pilau, harufu ya kafuri inamchefua, usiku hufumba macho akajiona amelala chali. Akifa kesho kwa maradhi yoyote, hata ya sukari aliyokuwa nayo miaka kumi, mtaa utasema ni mimi.

Juzi asubuhi baba mdogo alikuja na masharti. Ijumaa baada ya swala niende kwa Mzee Dadi, mbele ya watu walewale, na kilo mbili za sukari na kanga ya mkewe, nipige magoti, niseme nimekosa, nilighafilika kwa uchungu. Wanawake watarudi kuukanyaga mlango wetu. Mama atapata wa kumfungulia milango ya harusi na misiba. Mambo yataisha.

Alipomaliza, mama alizungumza kutoka chumbani, bila kutoka. Ndiyo mara ya kwanza tangu arobaini kunisemesha sentensi nzima.

"Mimi nilikubali ili wewe ukae, Lulu. Na wewe kubali. Asiyekubali kushindwa si mshindani."

Nilikaa kwenye kona ya baraza iliyomegeka. Nilimfikiria Nuhu na ndoo yake huko chini, kichwa cheupe kwa saruji, akichota, akipitisha juu, akichota. Hakuna aliyemuuliza kama amekubali.

"Ba'mdogo," nilisema, "bafta ile niliinunua kwa mshahara wangu, nikaipeleka kwa miguu yangu. Nilivua viatu. Niliamkia. Nilimpa mzee kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa. Mwambie mama nampenda, na najua alichonilipia. Mwambie Mzee Dadi nimesikia anaumwa. Sukari sinunui na kanga sinunui. Ijumaa nitakuwa kazini, napima madumu. Siombi radhi."